Tundu Nililotoboa Chini ya Uzio

Mpendwa mshauri Dorotea, naomba msaada wako na naomba usilitaje jina langu, maana katika mtaa wetu huu wa mlimani hapa Mwanza gazeti likinunuliwa nyumba moja linasomwa nyumba kumi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha jiografia miaka ishirini na nane, kwetu ni Kagera, na nyumba yangu nimeijenga juu ya mwamba kwa jasho langu mwenyewe, na chini yangu, hatua chache tu, anakaa Muhidin fundi cherehani na watoto wake wawili, na mkewe Sihaba alikuwa akipika vitumbua vya kuuza.

Uwanja wangu zamani ulikuwa na migomba na ukoka na mistari ya mawe niliyoyapanga kukingama mteremko, na maji ya mvua yalikuwa yanazama humo humo bila kumsumbua mtu, lakini mwaka jana binti yetu alipokaribia kufanyiwa sendofu mke wangu Kokuberwa akasema wageni hawawezi kukanyaga tope na viatu vya sherehe, nami nikaona ni kweli, nikang'oa migomba, nikaondoa mawe, nikausakafia uwanja wote kwa zege kutoka ngazi za nyumba mpaka ukuta wa uzio. Sherehe ikapita, ikapendeza. Mvua ya kwanza ikaja, maji yakajaa kwenye uzio yakataka kuuangusha, nikamwita fundi Chenge, akaniambia dawa ni kuchimba mfereji pembeni hadi kwenye mtaro wa mtaa, ila itabidi tukate zege pale getini, na zege lile lilikuwa bado linang'aa, nikamwambia atoboe tu tundu chini ya uzio maji yapite. Akauliza yatakwenda wapi. Nikamwambia atoboe, mengine aniachie mimi, na maji yakawa yanamwagika nyuma ya jiko la Sihaba, kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo usiwaangukie.

Sihaba alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alikuja akicheka, akasema mwalimu maji yako yanatutembelea, nami nikacheka naye. Mara ya pili alileta sufuria imejaa mchanga alioukomba jikoni kwake, akaiweka kwenye ngazi zangu, nikakasirika, nikamwambia anayejenga chini ategemee maji. Mara ya tatu nilimwona dirishani akipanda, nikamtuma Kokuberwa amwambie nimelala, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mwambie mwalimu ukuta umepata ufa." Akashuka. Siku mbili baadaye, Jumamosi mchana, mvua ikapiga, ukuta ukamwangukia akiwa anaosha vyombo. Nilikuwa miongoni mwa waliofukua kwa mikono, mshauri, na mikono yangu ndiyo iliyoufikia mguu wake.

Kabla jeneza halijainuliwa kaka yake, Iqbal, alisimama akaomba kama kuna mtu marehemu alimkosea amsamehe, na kama kuna mwenye jambo lolote naye aende kwa familia, na watu wote wakaitikia tumemsamehe, na mimi nikaitikia. Mimi nilimsamehe Sihaba. Kesho yake nikaliziba lile tundu kwa saruji iliyobaki, nikapaka rangi, na mtendaji wa mtaa akaandika kwamba chanzo ni mvua kubwa, na hakuna aliyeniuliza neno.

Sasa Muhidin anaanza kujenga upya Jumatatu hii inayokuja, ukuta palepale, jiko palepale, na chumba wanacholala watoto kinaegemea hapo hapo, na mawingu ya vuli yameanza kukusanyika ziwani, na kwangu maji yakikosa tundu yatapanda ngazini, na Kokuberwa anataka tulifungue tena kimyakimya, anasema nikitamka sitamfufua mtu, nitafia gerezani na kuwaaibisha watoto. Muhidin kila asubuhi ananiamkia shikamoo nami naitikia marahaba. Juzi alisimama getini akaniuliza, "Mwalimu, wewe ndiye unayeijua ardhi. Ukuta niujenge palepale?" huku akiangalia uzio wangu, nami nikamwambia nitafikiria. Usingizi sina. Je, siwezi kumsaidia bila kusema, nimnunulie saruji na nondo aujenge imara, mambo yakaishia hapo?

Mwalimu mstaafu, Mwanza

Mwalimu,

Majina yote nimeyabadilisha, hata ya mafundi. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimetaka kuitupa. Pole nakupa, kwa sababu mtu asiye na roho asingeniandikia habari za ule mguu. Pole yangu inaishia hapo.

Umewafundisha watoto wa watu miaka ishirini na nane kinachotokea mteremko ukivuliwa majani na mawe. Mwanafunzi angekuchorea uwanja ule ungempa sifuri. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hukujua. Ulijua, Chenge alikuuliza, Sihaba akakuletea mchanga kwenye sufuria, na wewe ukaona zege la sherehe ni zuri mno kukatwa.

Saruji ya siri sikubaliani nayo. Hiyo ni ya kukupa wewe usingizi, haiwalindi wale watoto. Maji ya paa lako na ya uwanja wako wote yakishuka mahali pamoja, hata ukuta wenye nondo utachoka, na safari hii nyuma yake kuna kitanda. Tundu lisifunguliwe. Mkeo ana hofu na namwelewa, lakini mwambie hofu yake isiue mtu wa pili.

Vunja zege, angalau nusu yote ya chini, udongo uonekane tena. Rudisha mistari yako ya mawe na upande majani ya kushika udongo, na migomba uitandazie nyasi kama walivyokufundisha kwenu. Maji ya bati yakingwe kwa mifereji yaingie kwenye tanki. Ule mfereji wa Chenge uchimbwe, upite getini hadi kwenye mtaro, na kama geti litaharibika, liharibike. Ukuta wa Muhidin usogezwe mbali na nyumba, uachiwe matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake, na kabla ya jiwe la kwanza aje mhandisi apaone. Gharama ni zako, hadharani.

Ila yote hayo yanakuja baada ya kusema. Mwambie kwanza Muhidin, kisha Iqbal, kisha mtendaji, arekebishe alichoandika. Tafuta wakili pia, maana sheria inaweza kukushika na mimi sikuahidi kwamba haitakushika. Usiende na bahasha wala kilo za sukari. Usilitaje neno mvua.

Na kuna jambo umeniandikia bila kuliona. Sihaba alipanda kwako mara tatu, mara moja na sufuria mkononi. Unadhani aliporudi mumewe hakumuuliza ametoka wapi? Na mtu anayekula kwa kushona viraka unadhani hakioni kiraka cha saruji mpya kwenye uzio wa jirani? Siwezi kuapa, lakini naamini Muhidin anajua tangu siku zile za msiba. Hakuja kwako kutafuta elimu ya ardhi. Amekupa nafasi getini kwako, na wewe ukamwambia utafikiria.

Gazeti hili linatoka Jumamosi, mafundi wanaingia Jumatatu. Una kesho tu. Usimngoje apande yeye, maana mkewe alipanda vya kutosha. Shuka wewe asubuhi, na akikuamkia usikimbilie marahaba. Mwambie, "Muhidin, ukuta usiujenge palepale, na sababu ni mimi." Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.