Jina Langu Kwenye Chupa

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Taimur kanitumia picha kwenye wasap! Chupa nyeusi, karatasi ya dhahabu shingoni, na jina langu – BADRIA – kwa herufi kubwa. Zabibu za Saint-Émilion, huko Ufaransa anakosomea kilimo. Nyingi ni za aina ya merlo, anasema, zinapenda udongo wa mfinyanzi. Chache za aina nyingine, za kuzipa nguvu.

Nimelia. Mdogo wangu! Mimi ndiye niliyemlea tangu Mama alipofariki. Na Baba alipokataa asiende, mimi ndiye niliyemdhamini: Nitamjibia mimi, Baba. Akaridhika.

Jioni kwenye kahawa na majirani nikaizungusha simu. Jirani yetu Kaltham kasema ni zile chupa za sharubati zinazowekwa kwenye meza za harusi, akaagiza za harusi ya bintiye. Nikamwambia zitakuja. Nilivimba kichwa!

Jumamosi, 4 Oktoba

Aseel, binti wa ami yangu Hud, kapita. Kasoma Ulaya. Kaikuza picha kwa vidole, kanionyesha maandishi madogo chini: asilimia kumi na nne na nusu. Nikauliza, ya sukari?

"Da Badria, huu ni mvinyo."

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimempigia Taimur. Wala hakukana! Kazi yake ni kuonja na kuchanganya. Anatema, hamezi – eti nifarijike. Wenye shamba la mizabibu wamempa kazi ya kudumu, na ule ndio mvinyo bora aliowahi kuchanganya. Ndiyo maana kaupa jina langu. "Sina jina jingine ninalolipenda hivyo, Dada."

Nusura nimsamehe. Halafu nikakumbuka video. Kila mwaka aliniomba nimpige Baba video akipogoa mzabibu wetu wa uani, ule alioutoa kijijini Misfat. Anavyoacha macho mawili tu ya kuchipua kwenye kila tawi. Nikatuma, nikidhani mtoto kakumbuka nyumbani. Kumbe nilikuwa namfundishia kazi!

Baba katufundisha tangu wadogo: laana ya ulevi haimshukii mnywaji peke yake. Anayekamua, anayebeba, anayeuza – wote. Na mimi je? Picha nimeizungusha. Oda nimepokea. Jina ni langu. Kaniingiza humo bila hata kuniuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kaltham kamwambia Baba habari za sharubati. Baba kafurahi mno! Kawaeleza wenzake msikitini, mji wetu mzima wa Nizwa sasa unajua: mwanawe kampa dada yake heshima. Mzee wa miaka karibu themanini, anatembea kama kijana. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Taimur anakuja keshokutwa, aseme mwenyewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kafika alfajiri. Shikamoo Baba, kaubusu mkono. Wangu nilimpa ncha za vidole tu.

Baada ya sala ya Ijumaa ami Hud kaja kula. Kabla ya chakula Baba kampeleka Taimur chini ya mzabibu, kamkabidhi kisu chake cha kupogolea. Kamwambia mti ni wake sasa. Taimur kakipokea! Kakitia mfukoni!

Nikamvuta jikoni. Mwambie Baba leo, kwa mdomo wako. Kaapa atasema baada ya kula.

Wamekula. Mimi niko jikoni, kahawa iko motoni inachemka, naandika huku nimesimama. Mlango uko wazi. Ami Hud anauliza sharubati hiyo inakaaje muda wote huo kwenye chupa isichache. Baba anamhimiza Taimur: sema, mwanangu, usione haya.

"Muulize Dada, Baba. Yeye anajua kueleza."

Baba anacheka, furaha tupu.

"Badria, njoo utueleze. Si wewe uliyemjibia?"

Kahawa imefurika, imezima moto. Anaita mara ya pili.