Nilishahitimu Uanafunzi, Leo Naambiwa Nirudi Darasani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijahama kanisa, maana hasira niliyo nayo hata cherehani yangu inaijua, sindano tatu zimekatika wiki hii. Mimi ni fundi wa nguo za kike, nimeokoka miaka ishirini na mbili iliyopita, nikasoma darasa la uanafunzi masomo yote kumi na mawili, nikavalishwa joho, nikapewa cheti, kipo ukutani juu ya meza ya kukatia na kila mteja anakiona. Sasa amekuja mchungaji mpya, mgeni wa juzi tu, anatangaza kwamba darasa linaanza upya na wote tuingie, wapya kwa wakongwe, kana kwamba mimi nimeokoka jana, na si hilo tu, kila mtu kapangiwa mwenzake wa kuomba naye na mimi nimepangiwa wifi yangu, dada wa mume wangu, yule yule aliyenitangaza mtaa mzima kwamba naiba vitambaa vya wateja, wateja wakanikimbia, tukanuniana miaka mitatu. Wifi huyo ameokoka mwaka huu, na mwezi uliopita alikuja dukani kuniomba msamaha, nami sikutoa hata mguu kwenye pedali, nikamjibu, "Somo la msamaha mimi nilishalimaliza, nenda kalisome wewe," akaondoka analia, na tangu siku hiyo mume wangu ananijibu kwa mkato. Mshauri, mtu aliyehitimu uanafunzi anarudishwaje kukaa benchi moja na mtu kama huyo? Niambie nihamie kanisa gani.

Mhitimu Niliyedharauliwa

Mama fundi, pole. Kuitwa mwizi kwenye kazi ya mikono yako kunauma, na wifi yako alikukosea vibaya. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako imenikera.

Unasema ulihitimu uanafunzi. Hebu lisikilize neno lenyewe. Mwanafunzi akihitimu, si mwanafunzi tena. Sasa Bwana akiwaita wanafunzi wake, wewe utaitika kama nani, mgeni rasmi? Ulichomaliza ni kitabu, na aliyekuvalisha joho alikukosea kama hakukwambia kwamba hapo ndipo ulikuwa unaanza. Kumfuata Yesu ni safari ya maisha, mama, inaisha siku utakapozikwa. Wewe umeketi njiani miaka yote hii ukijiona umefika, na mtu aliyeanza mwaka huu amekupita, kaja mpaka mlangoni pako na machozi yake, ukamfukuza kwa kumtajia somo. Aibu hiyo ni yako, usimtwike mchungaji.

Usihame. Huko utakakohamia nako kuna mawifi. Kumsamehe si kukubali kwamba uliiba: mwambie apite kwa wale wateja mmoja mmoja, aseme kwa mdomo wake kwamba alikusingizia, na hilo una haki ya kulidai. Ila usilifanye kuwa sharti la kumsamehe. Nenda darasani siku ya kwanza, wahi, umtafute alipokaa. Usijidai umepoa kama hujapoa, Mungu hadanganyiki na wifi naye si mtoto. Mwambie, "Wifi, hasira bado ninayo, lakini sogea nikae."