Chumba Kimepangwa

Alhamisi, 1 Januari 2026

Mwaka mpya nimeuanza kwa kuangukiwa na baiskeli. Ndani kwangu! Nilifungua chumba cha mbele kutafuta mkasi, ile baiskeli mbovu ya mume wangu Hilali ikanishukia mguuni. Kidole kimevimba. Chumba kimejaa takataka zake — magunia ya chumvi, madumu, tairi la gari ambalo hatuna. Na mimi mwenye cherehani nashonea barazani. Mvua ikija nakumbatia sare za watoto wa watu nakimbia nazo.

Basi. Mwaka huu nyumba hii itapangika. Nimemwambia mume wangu: shule zikifunguliwa, cherehani yangu iwe ndani. Akasema sawa mke wangu, usigombe, nitakishughulikia hicho chumba. Miaka nenda rudi anakishughulikia.

Jumamosi, 3 Januari

Nimechambua vitu. Vya kubaki, vya kutupa, vya kugawa. Claudine, mwenzangu wa cherehani ya pili, kanisaidia. Mapazia ya zambarau niliyoshona mwenyewe nimeyafua na kuyapiga pasi. Godoro dogo nimelianika. Masufuria yaliyozidi nimeyasugua kwa majivu mpaka yanang'aa. Hivyo ni vya kugawa, nimevifunga vizuri.

Hilali katazama, kasifu! Kasema visipotee bure, Kasulu kuna watu wana shida, atawapelekea. Nimeshangaa. Mtu ambaye hajawahi kumpa jirani hata kiberiti. Haya, mwaka mpya.

Jumanne, 6 Januari

Hilali kaja asubuhi na kirikuu cha mizigo, kabeba. Baiskeli kaiacha! Magunia kayaacha! Tairi lipo! Kabeba vile vizuri tu nilivyofunga mimi. Nimepiga kelele mpaka mwenye duka wa jirani kachungulia. Hilali anacheka tu. Kapanda mbele na dereva, kaenda zake Kasulu kwenye biashara ya chumvi, eti tutaongea kwa simu.

Jumatano, 7 Januari

Kapiga. Mtandao unakatika. Hata salamu sikumpa, nikamuuliza: chumba vipi?

Kakohoa. Kisha anauliza, nani kakwambia?

Aniambie nini? Mimi nauliza chumba!

Aa, chumba, kasema. Chumba nimeshapanga. Tulia.

Nikakimbia kufungua mlango, nikidhani labda kamtuma mtu wakati niko sokoni. Baiskeli ile ile! Nimecheka kwa hasira. Ndiyo kuolewa na Muha wa Buhigwe — ukae miaka hujui kitenzi chake kimeshatendeka au bado. Alitaka kusema atapanga. Mimi baba yangu wa Ujiji angenichapa kwa Kiswahili kama hicho.

Jumatatu, 12 Januari

Claudine jana alikuwa Kasulu kwa shangazi yake Immakulata, mwenye vyumba vya kupangisha. Leo asubuhi sindano imemvunjikia, ya pili nayo ikavunjika. Nikamwambia, sema.

"Mama Firdausi, mbega," kilugha chao kimemtoka, "yaani je, niseme? Hutanichukia?"

"Sema!"

"Pazia lako la zambarau nimeliona. Dirishani, kwa shangazi. Baba Firdausi amepanga."

"Amepanga nini?"

"Chumba, mama. Analipa kodi. Yoo... na kuna dada ndani."

Amepanga!

Kumbe Kiswahili chake kilikuwa sahihi. Sahihi kuliko changu, mimi mtoto wa Ujiji! Niliuliza chumba, kanijibu chumba. Mjinga ndiye aliwaye, na mimi nimeliwa kwa masufuria niliyoyasugua kwa mikono yangu. Mimi ndiye nilipiga pasi. Mimi ndiye nilimfungia bwana harusi vyombo kwa kamba, nikaongeza fundo la pili visifunguke njiani!

Naandika vibaya.

Angeoa, angesema. Dini imemruhusu na ulimi anao. Ningemtukana, ningelia, ningesusa kupika, lakini ningejua nimesimama wapi. Sasa sijui kama nina mume au nina mpangaji mwenye baiskeli. Firdausi anauliza mbona sili. Nimemwambia jino.

Kesho nakwenda. Nataka aniambie machoni mimi ni nani yake.

Jumanne, 13 Januari

Kasulu. Nimepanda Noah ya kwanza, sare za watu nimemwachia Claudine. Shule zinafunguliwa leo na mimi niko huku! Njia nzima nilikuwa napanga matusi. La mama yake lilikuwa la mwisho.

Naandika nikiwa ndani ya chumba chenyewe, nimekaa kwenye godoro langu. Hilali hayupo. Mlango kanifungulia mwanamke mdogo, anaitwa Zaitun, kajifunga khanga kwa heshima. Nikasema natoka Kibondo, kwa Hilali. Sijamaliza, kanishika mikono yote miwili. Machozi yanamlengalenga. Shikamoo dada, karibu dada. Kasema pole sana na msiba.

Msiba!

Kasema Hilali bado hawezi kumzungumzia marehemu, hata jina lake hajamtajia, na yeye hamlazimishi. Kasema vyombo alivyoacha marehemu anavitunza, hajavunja hata kikombe. Kasema baba yake alikataa kabisa binti yake awe mke wa pili, akakubali aliposikia mke wa kwanza Mungu kamchukua. Kisha akaniuliza, kwa upole, mimi ni nani wa marehemu.

Nilisema nina kiu. Katoka mbio kwenda kuniletea soda.

Na matusi yangu nimpe nani? Huyu kanililia! Hata dada wa Hilali, wifi yangu, hajawahi kuniombea dua, na huyu anasema kila Ijumaa ananisomea Fatiha. Nina hasira na sina pa kuitua. Nimefikiria kuondoka. Nimetoa daftari badala yake.

Pikipiki imesimama nje. Ni yeye. Namsikia anamlipa dereva. Namsikia Zaitun, karudi na soda, anamwambia kwa furaha tuna mgeni, ndugu wa marehemu katoka Kibondo kuja kutusalimia.

Hilali kasema: "Marehemu gani?"