Taa za Kaunta Nilizozibana kwa Stepla

Mpendwa Shangazi Mshauri, naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana jambo lenyewe ni la taa tu, ila limeninyima hamu ya kula. Mimi ni karani kijana, bado niko kwenye muda wa majaribio, na kazini kwetu kuna kaunta ya mapokezi iliyopinda kama mwezi mchanga. Bosi alinunua taa za mkanda, zile ndogondogo zilizopangwa juu ya utepe wenye gundi mgongoni, akauliza nani anaweza kuzibandika chini ya ukingo wa kaunta kabla wageni wa makao makuu hawajafika, na mimi, kwa kuogopa kuonekana sifai, nikainua mkono.

Paliponyooka utepe ulikubali vizuri, lakini penye mkunjo ukawa unabanduka, nabonyeza hapa unafumuka pale, wageni wako njiani, nami nikafanya anachofanya karani yeyote kitu kikikataa kukaa: nikachukua stepla. Nikaubana kwa pini, kwenye kona nikaukunja kama bahasha, na adapta yake, kile kisanduku cha kupunguza umeme, nikaificha kwenye droo ya karatasi ili nyaya zisionekane. Zikawaka. Wageni wakasifu, bosi akanipiga begani akasema, "Kijana wangu, kumbe una mikono," na wenzangu mpaka leo wananiita Injinia.

Sasa pale kwenye mkunjo taa zimeanza kupepesa, na dada wa mapokezi tunayemwita Mama Pacha, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi tangu nilipoingia, akanitania, "Injinia, taa zako zinanipikia magoti. Umeniwekea jiko bila kuniambia?" Nikacheka naye, Shangazi, nikacheka kabisa, kisha nikaenda chooni nikasimama tu. Alipotoka pale kaunta nikagusa zile pini, nikakuta ni za moto, na droo inanuka plastiki. Nikimwambia bosi, naogopa barua ya ajira haitakuja. Nikinyamaza, Mama Pacha anakaa pale kutwa. Tena bosi ameniomba Jumamosi nikafunge nyingine kwenye nguzo ya duara sebuleni kwake, maana mama mkwe wake anakuja. Nimewaza kuzitoa kimyakimya nidai zimeungua zenyewe. Nifanyeje?

Ni mimi,
Karani Mwenye Hofu

*

Karani, kukucheka nimekucheka kidogo, nilipofika kwenye stepla. Mzaha umeishia hapo. Umegusa ukakuta moto, umenusa plastiki, halafu ukaketi kuniandikia barua safi yenye nukta na mikato yake, na taa ukaziacha zinawaka? Weka gazeti chini, nenda ukachomoe plagi ukutani. Mengine utasoma ukirudi.

Haya. Nimemuuliza fundi umeme kwa niaba yako. Anasema ndani ya utepe huo mna njia nyembamba za shaba, na pini ikipenya huzigusanisha zisizotakiwa kugusana; moto wako umetoka hapo. Utepe hupinda kuelekea mgongoni au usoni, haupindi ubavu, na haukunjwi kama bahasha hata siku moja. Mkunjo ukiwa mkali, hukatwa palipochorwa alama ya kukatia, vipande vikaunganishwa kwa waya laini. Mahali pa kubandika husafishwa kwa spiriti pakaachwa pakauke, na utepe ukashikwa kwa vishikizo vya plastiki vinavyopita juu yake bila kuutoboa. Adapta hukaa penye hewa, mbali na karatasi. Huo uliokwisha kuutoboa ni wa kutupwa, usijidanganye kung'oa pini. Na haya nimekuambia uyajue, si uyafanye. Kazi hiyo apewe fundi.

Hilo la kudai zimeungua zenyewe, umelifikiria mpaka mwisho? Bosi atanunua nyingine, na atamwita nani azifunge? Injinia. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeanza kuficha hata mbele ya mtu anayekupenda.

Kwa hiyo anza na Mama Pacha. Magoti ni yake, na pacha wanaomsubiri nyumbani ni wake. Asizipate habari hizi kwa bosi. Mwambie ulipocheka naye tayari ulikuwa na wasiwasi na taa hizo. Atakukaripia, mvumilie, ana haki.

Kisha ingia kwa bosi asubuhi, kabla simu hazijaanza. Usitangulize hofu yako wala barua yako ya ajira. Mwambie hivi: "Bosi, taa za kaunta nilizifunga vibaya, zinapata moto, nimezizima. Naomba tumwite fundi, na hata za sebuleni kwako siziwezi." Ukimaliza, nyamaza umwache aseme yeye. Anaweza kukasirika, na barua yako inaweza kuchelewa, sikuahidi vinginevyo. Ila akikuambia uziwashe kidogo tu kwa ajili ya mgeni, kataa. Kwa adabu, ukiwa umesimama, lakini kataa.