Springi ya Bastola Iko Ndani ya Cherehani Yangu

Mshauri wangu, nisaidie mwenzio maana nimekosa wa kumwambia, na kwanza ujue kwamba mimi ndiye mama wa yule binti aliyeshika nafasi ya pili mwezi uliopita kwenye mashindano ya bastola ya shabaha, ile ya hewa isiyo na baruti, na kama hukusikia basi redio yako ilikuwa mbovu, maana mtaani kwetu siku hizi naitwa Mama Shabaha, na mwenyewe naitika.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, lakini mkono wangu haujawahi kulaumiwa na mteja. Mwanangu anasimama hatua kumi na tatu kutoka kwenye karatasi, mkono mmoja umenyooka, mwingine mfukoni, anatoboa kiduara kidogo kama kifungo cha shati, tena si mara moja, anapiga mara sitini. Utulivu huo kautoa kwangu, baba yake hata chai akimimina nusu inaishia kwenye sahani.

Bastola yenyewe inalala klabuni, kabatini, chini ya kufuli. Nyumbani kuna kiboksi cha vipuri tu, kwa sababu vitu hivyo havipatikani karibu, vinaagizwa na kusubiriwa miezi, na anayevishughulikia ni fundi wa klabu, mzee mmoja mpole wanamwita Skrubu. Kila kipuri anakitia kwenye kipakiti cha plastiki na kukiandika kwa mkono wake: ringi za mpira za kuzuia hewa isitoke, skrubu ndogondogo, na springi ya kifyatulio, yaani pale kidole kinapobonyeza.

Sasa dhambi yangu ndiyo hii. Jumapili moja nilikuwa na gauni la bibi arusi mezani, mwenyewe anakuja kulichukua asubuhi, mara springi ya kile kinachokaza uzi ikaruka ikapotelea nisikokujua, nikafagia, nikapapasa, wapi! Duka la vipuri limefungwa. Nikakumbuka kiboksi. Nikafungua kipakiti cha springi ya kifyatulio, nikaipima kwa macho, urefu ule ule, unene ule ule, nikaifunga, na cherehani ikashona kama haijawahi kushona tangu inunuliwe. Kesho yake nikanunua springi mpya ya cherehani, nia yangu niitoe ile ya mtoto niirudishe, lakini nikaona mashine imetulia, ya nini kuichokoza? Nikaitia ile mpya ya cherehani kwenye kipakiti cha mtoto, nikakifunga vizuri, nikasema nimemrudishia, tena inayong'aa. Kwa macho yangu zilikuwa pacha.

Tukaenda mashindanoni, mimi mshangiliaji mkuu. Mwisho wa mazoezi springi ya bastola yake ikakatika. Mtoto akacheka. "Ndiyo maana tunabeba vipuri, mama," akafungua kipakiti, akaifunga ile springi niliyoitia mimi, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya ukaguzi. Kumbe pale wanatundika jiwe la uzani kwenye kifyatulio halafu wanainua bastola juu, na kifyatulio kinatakiwa kibebe jiwe bila kuachia. Cha mwanangu kikaachia. Wakarudia, kikaachia. Zimebaki dakika ishirini aitwe, uso umemsawijika.

Skrubu akaitoa ile springi, akaigeuzageuza kiganjani, akanitazama mimi, akaitazama springi, akaitia mfukoni. Akafungua bastola yake mwenyewe ya zamani, akachomoa springi yake, akamfungia mtoto, na jiwe likabebeka. Nilishusha pumzi hadi mkaguzi akageuka. Mwanangu akaingia, akapiga, akachukua nafasi ya pili, nikapiga vigelegele mpaka nikaombwa nitoke nje, nikaenda kuvimalizia kwenye maegesho.

Furaha ingekuwa kamili, ila tukiwa kwenye basi la klabu tunarudi, mtoto akamgeukia mzee wa watu mbele ya wenzake wote.

"Mjomba, umeandika 'kifyatulio' halafu ndani ukatia takataka ya wapi?"

"Labda nilikosea, mwanangu."

"Labda? Ningetolewa mashindanoni kwa hiyo labda yako!"

Mimi nikageukia dirisha nikawa nahesabu nguzo za umeme.

Sasa binti kapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa klabu, na Jumamosi hii wanakaa kuamua kama Skrubu aondolewe kwenye vipuri, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Nikisema, mwanangu ataniona mtu wa namna gani, na huu mtaa wenye macho? Nikinyamaza, mzee anaondoka na aibu iliyo yangu. Lakini na mimi najiuliza, nafasi yake mtoto keshaipata, hakuna aliyeumia, si tuache tu? Niambie wewe mwenye busara.

Mama Shabaha, fundi cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mama Shabaha, hongera kwa binti, na pole kwa hizo nguzo.

Kwanza keti upumue. Ile meza ya ukaguzi iliwekwa kwa ajili ya siku kama ile, na ilifanya kazi yake. Binti yako alipiga kwa bastola iliyopimwa ikapita, nafasi yake ni halali na hakuna wa kumnyang'anya. Hofu hiyo itue leo.

Ila hilo la "hakuna aliyeumia" lifute. Yupo, na unamjua kwa jina.

Tena nikuulize. Mzee aliyeshinda na vyuma vidogo miaka kumi na tisa anaigeuza springi, anakutazama, anaitia mfukoni. Ulidhani anatazama mtindo wa nywele zako? Anajua, mama. Alijua pale pale, akaamua mtoto asiingie kupiga huku amegombana na mama yake, na kwenye basi akaendelea kukusitiri. Kwa hiyo uliyemkosea zaidi huenda keshakusamehe, na hilo likupe nafuu. Lakini kusamehewa si ruhusa ya kukaa ukitazama mtu akifukuzwa kwa ajili yako.

Tena wala sikugombezi kwa kuazima. Ulikwama, ukatazama huku na huku, ukaona pa kushika. Ungeacha kipakiti kitupu, binti angejua hana springi, angetafuta nyingine mapema. Wewe ukatia kitu usichokijua ndani ya mwandiko wa mtu mwingine. Hapo ndipo ulipoharibu, na wala usiniambie habari za kung'aa.

Leo hii, usingoje Ijumaa, itoe springi ile kwenye cherehani umpelekee Skrubu mkononi mwake. Mwambie "ni mimi" na umwombe radhi. Ukitoka hapo umwambie binti, nyumbani, mkiwa wawili. Atakasirika, ana haki, na akipandisha sauti usianze kumkumbusha nani alimzaa. Malalamiko kayapeleka yeye, basi ayaondoe yeye, na Jumamosi uwepo useme mwenyewe mbele ya wote waliokuwa kwenye lile basi.

Binti naye ana lake, mpelekee salamu zangu. Alibeba springi ambayo hakuwahi kuijaribu, akaikimbiza kwenye ukaguzi. Kuanzia sasa kila springi ya akiba ifungwe kwanza kwenye bastola, ipimwe kwa jiwe, apige nayo siku nzima ya mazoezi, ndipo irudi kwenye kipakiti. Abebe mbili. Na kiboksi kihamie klabuni, kwenye lile kabati lenye kufuli, mbali na mikono yako yenye sifa. Wewe kwako weka springi za cherehani za kutosha, maana fundi wa magauni ya arusi asiye na hata moja ya akiba siku ya Jumapili, nisamehe, sijui nimwite nani.

Halafu ukishamwambia binti, koma hapo hapo. Usimsimulie gauni, usimsimulie duka lililofungwa. Nyamaza, mwache aongee yeye.