Mdhamini Wako ni Mbeba Zege

Bweni la Vibarua, chumba cha juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, tarehe 8 Juni,
mwaka wa nne sasa tangu niondoke nyumbani.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjomba wako. Natumai u mzima, na nyote hapo nyumbani mnaamka salama. Mguu wa mama yako unaendeleaje? Mwambie dada dawa ya kuchua si ya kutunzwa kabatini kama vyombo vya wageni, aipake. Mimi sijambo, ila mgongo unanung'unika kila nikiinama, na simenti imenila vidole mpaka kalamu hii naishika kama mpini wa koleo. Mwandiko ndio kitu pekee ninachokuomba radhi katika barua hii.

Ujumbe wako niliupata. "Mjomba umeniharibia maisha." Niliusoma asubuhi, nikausoma tena wakati wa chakula nimekalia ndoo. Ningekupigia simu ungelia, nami ukilia huwa nalegea. Ndiyo maana naandika, na mchomeleaji wetu anayerudi huko Jumatano atakuletea mkononi. Basi kaa chini usome mpaka mwisho, halafu kama bado unataka ugomvi nitakuwepo.

Wewe uliambiwa nusu. Nikueleze yote. Tulikuwa juu tunamimina zege, simu ikaita. Sauti ya mwanamke, mpole, anatoka ofisi ya lile ghala la nafaka ulikoomba kazi ya kutunza stoo. Akaniuliza, "Naongea na meneja wa mradi?" Nikageuka nyuma kuangalia kama meneja amepanda. Wenzangu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Hapana mama, hapa umempata mbeba zege. Meneja yuko chini kwenye kiyoyozi."

 Akasema, "Lakini binti amekuandika wewe mdhamini wake, na kwamba alikuwa msaidizi wako ofisini kwa miaka miwili." Nikamjibu kuwa mimi sina ofisi, nina toroli, na huyo binti ni mtoto wa dada yangu.

Hapo ndipo nilipokuharibia, kwa maneno yako. Seremala tunayelala naye chumba kimoja, tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani, alinisema jioni nzima. "Ungeitikia tu ndiyo, ungepungukiwa nini?" Nikamwambia, ningepungukiwa mpwa. Maana mtu ukiingia stoo kwa uongo, siku gunia la kwanza likikosekana, macho yote yatakuja kwako, na huna hata mdomo wa kujitetea. Profesa akasema mimi nina kichwa kigumu. Ni kweli, ninacho, na hata huyo mama akipiga tena kesho nitamjibu vilevile.

Sasa tuje kwenye huo wasifu wenyewe, ule ulionitumia nakala. Nilipousoma nilidhani umekosea, umenitumia wa mtu mwingine. "Mambo ninayopenda: kusoma na kusafiri." Kusafiri wapi, mwanangu? Safari yako ndefu kuliko zote ni ile ya kumpeleka bibi yako hospitali, na ulitapika njia nzima.

Halafu umeandika, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Sentensi hiyo naijua kama shati langu. Kampuni mpya iliponunua mradi huu, tuliambiwa kila mtu alete wasifu. Sote tukaenda kwa mchapaji mmoja. Siku ya siku, ofisa akatupanga mstari, akasoma karatasi ya kwanza: mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma. Akachukua ya pili, hivyo hivyo. Alipofika ya tano akavua miwani: "Nyinyi mmezaliwa na mama mmoja?" Tulicheka wote, na yeye akacheka. Lakini Jumamosi ile vyumba viwili vizima vilifungasha mizigo. Mimi nilibaki kwa sababu msimamizi alikuwa akiniona kila siku na akanitetea. Karatasi yangu haikunisaidia kitu.

Wewe hakuna aliyekuona. Karatasi yako ndiyo inayobisha hodi badala yako. Sasa mbona unamtuma mtu mwingine kabisa?

Tena kilichoniuma zaidi ni hiki. Nimegeuza hiyo karatasi mbele na nyuma, sijaona mashine yetu ya kusaga unga. Hata neno moja! Tangu baba yako afariki ni nani amekuwa akiifungua asubuhi? Unasema yule kijana wa duka la steshenari aliyekuchapia wasifu alikwambia hiyo si kazi, ni mambo ya nyumbani. Mwambie nimesema hivi: aje asimame pale siku moja tu, foleni imefika barabarani, mkanda umekatika, na kila mtu anadai yeye ndiye wa kwanza. Akimaliza siku hiyo bila kukimbia, ndipo aje atufundishe kazi ni nini.

Andika mashine, na iwe juu kabisa. Andika kwamba unapima, unapokea, unatoa, na unga wa mtu haujawahi kuingia kwenye mfuko wa mwingine. Andika kwamba unabadilisha mkanda mwenyewe, hata wateja wakakubandika jina la Bi Mkanda. Na yule mama mwenye mdomo, aliyepiga kelele kuwa umempunja, si ulimpimia upya mbele ya foleni nzima bila kupandisha sauti, mpaka yeye mwenyewe akaangalia chini? Huko kutunza stoo unakodhani hukujui, umekufanya miaka yote hii na vumbi la unga kwenye nyusi.

Hayo yote nilimwambia yule mwanamke, na hii ndiyo nusu ambayo hukuambiwa. Zege lilikuwa linakauka, msimamizi ananipigia mluzi, nami naongea tu. Akaniuliza, "Mbona yeye hakuyaandika haya?" Nikamwambia hilo nitakuuliza wewe. Akasema nafasi itakuwa wazi hadi mwisho wa mwezi, na ukileta wasifu mwingine ulio wa kweli atausoma. Hakuahidi zaidi ya hapo, na mimi sikumbembeleza.

Kwa hiyo andika upya. Ukurasa mmoja unatosha. Ule mwaka uliokaa nyumbani kwa ajili ya mguu wa mama yako usiuruke, andika ulimuuguza mama. Alama za shule ziache zilivyo. Kompyuta, kama unachojua ni kuandika barua, basi sema kuandika barua. Na ile picha ya koti la kuazima itoe, mabega yamekuzidi, unaonekana kama umefichwa ndani. Ukimaliza, mpe mwalimu wako wa zamani akusahihishe herufi. Asikusahihishe maisha.

Wadhamini, mtangulize mpishi mkuu wa ile shule inayosaga kwako, yeye anakujua kwa kazi. Halafu mwishoni niandike mimi: mjomba, kibarua wa zege, na namba ile ile. Kama sheria yao haitaki ndugu, watanikata wao. Usinikate wewe.

Wanaweza kukukataa bado, sikufichi. Lakini safari hii wakukatae wewe mwenyewe, Bi Mkanda, na siyo huyo bibie wa kusafiri. Wakikukataa, chukua karatasi ile ile upeleke mlango wa pili, na wa tatu, bila kubadilisha hata mstari.

Nisalimie mama yako, na bibi yako umwambie nakula vizuri. Msalimie kitinda mimba wenu, aache kuchezea simu ya dada yake. Fundi wa mashine mwambie ule mkanda aliotuuzia mwisho ulikuwa wa kizembe, bado sijasahau. Mungu akutie nguvu mikononi na akulinde ulimi.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na moja, na natarajia kufika wiki ya kwanza ya Desemba. Msije kunipokea kwa mbwembwe, hakuna meneja anayerudi. Ukiwa kazini usiombe ruhusa kwa ajili yangu. Nitakuja mwenyewe mpaka kwenye geti, la ghala hilo au la kwingine, nikiwa na begi na mikono hii ilivyo. Na kama hapatakuwa na geti, nitapanga foleni kwenye mashine kama wengine. Mlinzi akiniuliza mimi ni nani, nitamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba mimi ndiye mdhamini wako.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata ukinuna.