Farasi Waliovaa Suruali

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumapili, 17 Novemba 1996

Dada yangu mpendwa Sella,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na watoto mko wazima, na mguu wa mama umeacha kuvimba. Mimi niko sawa, ila mvua hii imegeuza njia ya mlangoni kwangu kuwa uji, na juzi kiatu kimoja kilibaki humo nikafika kazini na ndala za jirani. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua mama hufungua barua zangu kabla yako, na Kiswahili chake huishia kwa karibu chai.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata. Umesema Desemba wajomba watakaa kikao umalizane na mumeo Nashon, na Januari watoto waanze shule huko nyumbani. Nimeisoma mara nne. Nakuomba, usiwaite wajomba kabla hujamaliza barua hii, na usiruke katikati kama ulivyozoea.

Kazi yangu unaijua juu juu tu, kwa hivyo wacha nikueleze. Pale kliniki Kawangware tulikuwa tunapokea wanaume wengi wa vidonda vya tumbo. Tunawapa dawa, wanaenda, wanarudi. Baada ya ile kozi yangu ya ushauri nikaanza kuwauliza maumivu huwashika lini, na karibu wote wakasema Jumapili jioni. Jumapili jioni, dada, ndiyo saa farasi wa kamari wamemaliza kukimbia huko uwanja wa Ngong Road na pesa za unga zimebaki huko huko. Nikamwambia daktari kwamba hawa hawahitaji dawa ya tumbo, wanahitaji kikundi cha kuzungumza. Akasema nianze, ila nisimletee bili ya chai ya kikundi.

Nikaanza Mei na wanaume wanane, kila Jumanne. Mmoja ni mume wako, ambaye baada ya wewe kuondoka Pasaka nilimkokota mpaka pale mimi mwenyewe. Wengine, wajue watatu tu. Gathogo ni mwenye ploti ya kupangisha kule mtaa wa Satellite, na farasi walikuwa wamekula vyumba vyake vinne. Thuo ana bucha. Wepukhulu ni mlinzi wa shule, mtu mpole sana, anayeweza kukutajia jina la kila farasi lakini husahau majina ya watoto wake.

Sasa sikia akili yangu ilivyofanya kazi. Nilinunua karatasi kubwa ya manila, nikaandika majina yao yakifuatana kwenda chini, namba moja mpaka nane, kila mtu na mstari wake. Anayepita Jumapili bila kwenda kwa farasi, pini yake inasonga hatua moja mbele. Mwisho kabisa nikachora mstari mwekundu. Wewe ambaye hukusomea ushauri pengine umeshaona nilichochora. Mimi, yawa, sikuona.

Nilichoona ni maajabu. Wanaume ambao hawakusalimiana wakaanza kupendana. Thuo akawa anampelekea Wepukhulu supu ya mifupa kila Jumamosi, ati apate nguvu ya kushinda majaribu. Gathogo naye akawa anampitia huyo huyo Wepukhulu Jumapili asubuhi na kumpeleka kanisani kwake, ibada ya Kikuyu kitupu. Maskini Mbukusu wa watu alikaa hapo saa tatu nzima bila kuelewa neno, Gathogo amemshika koti. Kuna mwingine aliugua homa, na wenzake watatu wakaja kuniuliza kwa zamu kama ataweza kuendelea. Mmoja alitaka kumwona meno. Daktari akawaleta wageni kutoka makao makuu ya kanisa waje waone upendo ule, wakaniombea, wakanipiga picha nimesimama kando ya karatasi yangu.

Ni Nashon peke yake aliyekuwa akiniharibia. Mwezi wa saba alikuja akaniambia, shemeji, mimi kwa hiyo kliniki sirudi, huko ndiko kunaniharibu. Nikamuuliza kivipi, akageuka akaenda zake. Kozi ilitufundisha kwamba anayekataa matibabu ndiye mgonjwa zaidi, kwa hivyo nikaandika hivyo hivyo kwenye faili lake, kwa wino mwekundu. Halafu nikaanza kumwona hapa jirani kila Jumapili saa mbili anatoka na nguo mbovu na gunia, anarudi jioni amelowa, amechoka, hasemi alikokuwa. Nikaongeza moja na moja. Ndipo nikakuandikia ile barua ya Julai, kwamba ameanguka na amerudi kwa farasi, na ningekuwa wewe nisingepoteza nauli. Shika hapo kwanza.

Jumanne iliyopita, Gathogo aliingia kliniki presha imepanda mpaka nikapima mara ya pili. Nikadhani amefiwa. Alikuwa analia ati Wepukhulu ameenda kwa farasi, Wepukhulu ambaye alikuwa anaongoza! Nikambembeleza, nikamwambia mwenzake ataamka tena. Akanijibu kwamba Wepukhulu akiamka asiamke, majogoo wake yeye wawili wameshaenda kwa mwanachama mwingine. Nikauliza majogoo gani. Hapo ndipo mzee akashika mdomo.

Walikuwa wanabetiana, Sella. Tangu juma la pili! Juu ya karatasi yangu! Majogoo, sufuria, kilo za nyama, mpaka paa la choo. Ile supu ilikuwa ya kumnonesha farasi. Lile koti lililoshikwa kanisani lilikuwa hatamu. Nikauliza kama wote walikuwa ndani. Akasema wote, isipokuwa yule shemeji yangu mwenye maringo, aliyewaambia kwamba karatasi ile ni farasi waliovaa suruali na yeye farasi ameacha, halafu akatoka, lakini akaapa hatamchoma mtu kwa kuleta habari kwangu.

Nitakuambia na aibu yangu, kwa sababu nimeamua leo kusema yote. Nilimfokea Gathogo mpaka wagonjwa wakachungulia. Halafu, Mungu anisamehe, nikamuuliza sasa ni nani anaongoza. Aliponiambia ni namba tano nilisikia uchungu, maana moyo wangu ulikuwa kwa namba tatu.

Leo asubuhi nilimfuata Nashon na gunia lake. Hakwenda Ngong Road wala wapi, alienda hapo mtaa wa Ayany tu. Nilimkuta amepiga magoti uani kwa watu, suruali imekunjwa, povu mpaka kwenye viwiko, anafua zulia. Mume wako, Sella, ambaye hata leso yake ulimfulia wewe! Aliponiona akauliza ni nani amekufa. Mwenye nyumba, Mama Mitchelle, akaniambia hajawahi kuona fundi anayeogopa kumaliza kazi. Ikifika saa tisa na zulia ni safi, humwomba lingine, hata la jirani, hata la bure, mpaka mbio ziishe. Jumapili ishirini sasa. Ukimya wake wote ulikuwa ni aibu ya mwanaume kufua, basi.

Nilimwomba msamaha pale pale kwenye maji. Akasema si kosa langu, ila siku ya kwanza alipoona ile karatasi, viganja vilimwasha na alikuwa ameshachagua namba sita kabla sijamaliza maombi ya kufungua. Alijikaza miezi miwili, halafu akakimbia. Kwa hivyo dada, mimi mwenye cheti nilimpa ugonjwa, na alipojitibu mwenyewe nikakuandikia kana kwamba amekufa. Nimekukosea wewe, nimewakosea watoto, na yeye nimemkosea zaidi. Nimelia njia nzima.

Nilimwambia nitakuandikia uje. Akakataa kabisa. Akasema kukuita kwa ajili ya Jumapili ishirini ni kubeti kwa kuweka watoto, na ya ishirini na moja haijafika. Akainama tena kusugua, na alisugua mahali pamoja kwa muda mrefu sana, mahali palipokuwa safi.

Karatasi nimeing'oa. Daktari anataka nyingine kumi za kliniki zingine, na sijui nitamwambiaje.

Wasalimie watoto wote, mwambie mama nitatuma dawa ya mguu na mtu wa basi, na majirani wa hapa wanakuulizia kila siku. Nashon hajui nimeandika. Kwa hivyo anayebeti leo ni mimi, na nimebeti kwamba utakuja. Njoo Jumapili yoyote bila kumwambia, nikupeleke Ayany ukamwone kwa macho yako. Ukishamwona, kama bado unataka wajomba, nitakuja kuwapikia mimi.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Akeyo